Leo Tunakula na Nani?

Mpishi wa shule ile walimwita Shazia, na si jina alilopewa na mama yake. Shazia ni ile sindano nene ya kushonea magunia, na yeye hakuachana nayo hata siku moja. Aliichomeka kwenye kilemba, juu ya sikio la kulia, kama seremala na penseli yake. Watoto walisema ana shazia mbili, moja ya kichwani na moja ya mdomoni, na ya mdomoni ndiyo ya kuogopwa. Naye akiwasikia aliwajibu, "Gunia lililotoboka haliponi kwa kubembelezwa," akaendelea kukoroga.

Jiko lake lilikuwa chumba kirefu chenye kuta nyeusi kwa masizi, majiko matatu ya kuni, na dirisha pana lisilo na kioo lililotazama uwanja. Hapo dirishani ndipo wanafunzi mia nne walipopanga mstari kila adhuhuri, sahani mkononi, wadogo mbele wakubwa nyuma. Wala hakuna aliyepata hata punje kabla Shazia hajagonga ukingo wa sufuria kwa upawa na kuuliza:

"Leo tunakula na nani?"

"Na Vietnam," mstari mzima uliitika, maana mchele ulitoka huko.

"Na nani mwingine?"

"Na Malaysia." Hayo yalikuwa mafuta.

"Na nani tena?"

"Na India." Hayo yalikuwa maharagwe.

Kisha alitoa maneno mawili matatu huku akigawa. Kwamba huko kunakopandwa mpunga watu huinama ndani ya maji tangu asubuhi, na jioni mgongo unawauma kama unavyomuuma mama yako. Kwamba mafuta haya yametoka kwenye mchikichi, na kuna mtu aliyeubeba ule mkungu begani. "Usimwage chakula cha watu," alisema. "Wamekitoa mbali."

Mazoea hayo yalianza mwaka wake wa kwanza pale. Maharagwe yakiwa motoni mpishi hana la kufanya ila kuchochea na kungoja, na Shazia si mtu wa kungoja. Akawa anasoma magunia. Alipokuwa mwanafunzi, shule yao ilikuwa na ramani moja tu ya dunia, nayo ilifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, ikatolewa siku za wageni kama vikombe vya kaure. Aliyeigusa alichapwa. Shazia aliigusa, akachapwa, akamaliza darasa la saba bila kujua kile alichokigusa kilikuwa nchi au bahari. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Kwa hiyo magunia yalipokuwa matupu aliyakata pale penye jina la nchi, akavishona vipande juu ya kitambaa kikubwa alichokiunga kwa magunia mengine. Katikati alishona sufuria kwa uzi mweusi. Kutoka kila nchi alivuta kamba mpaka kwenye sufuria. Mchele, sukari, ngano, mafuta, vyote viliingia humo. Kitambaa kilining'inia kando ya dirisha, na yeyote aliruhusiwa kukigusa, hata mwenye kamasi mkononi.

Sheria ya dirisha ilikuwa moja. Ukiulizwa na unajua, sema. Kama hujui, sema sijui, utaambiwa na utapewa chakula chako, na atakayekucheka atakiona. Lakini ukibahatisha, ukasema jina lolote ili tu upite, unarudi nyuma ya mstari. "Njaa ya dakika kumi haiui," Shazia alisema. "Uongo ukishazoea mdomo, hautoki."

Mwaka ule alikuja mwalimu mkuu mpya, mtu wa suruali zilizonyooka kama rula, anayefuta kiti kwa leso kabla ya kukalia. Siku ya kwanza alisimama jikoni, akatazama kitambaa, akamtazama mpishi.

"Mama, wewe ni mpishi au mwalimu?"

"Inategemea kuni, mwalimu mkuu. Zikiwa mbichi, napata muda."

Hakucheka. Lakini hakukataza, na mambo yakaenda hivyo mpaka Jumanne moja.

Katika darasa la tano kulikuwa na msichana waliyemwita Kimya, kwa sababu maneno kwake yalikuwa kama meno, hayatoki bila maumivu. Jumanne hiyo Shazia alimwuliza yeye.

"Binti, wali wako wa wapi?"

"Wa Vietnam."

"Na maharagwe?"

"Ya kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Nyumbani. Kule ng'ambo ya kijito. Ni ya baba."

Mstari ulicheka. Gunia la maharagwe kila mtu alilijua. Maandishi yake mengi yalikuwa yamefutika kwa jua na kusuguana, yamebaki neno moja, INDIA, na picha ya tembo aliyeinua mkonga. "Baba yako anafuga tembo?" mvulana wa darasa la saba aliuliza kutoka nyuma.

Shazia aliinua upawa, kicheko kikakatika. "Mwanangu, kama hujui, sema sijui. Hapa si aibu."

"Najua."

"Gunia linasema India."

"Gunia linasema uongo."

Miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kumjibu hivyo. Damu ilimpanda Shazia usoni. "Nyuma ya mstari," alisema.

Kimya akaenda nyuma. Alipofika tena dirishani aliulizwa tena, akajibu tena, "Ya baba." Akarudishwa. Mara ya tatu kengele ililia kabla hajafika. Alikwenda bombani, akaisuuza sahani ambayo haikutiwa kitu, akaiweka kapuni na sahani za walioshiba, akaingia darasani.

Mtunza stoo alikuwa mzee mfupi aliyeitwa Kufuli kwa ajili ya funguo zilizomlemea kiunoni. Yeye na Shazia walitaniana kutwa, lakini mchana ule alikuja jikoni bila utani.

"Dada, yule mtoto hakusema uongo."

"Usianze, Kufuli."

"Maharagwe huletwa na baba yake kwa baiskeli, magunia mawili mawili. Mimi ndiye ninayempokea."

"Na tembo?"

"Magunia matupu yanauzwa sokoni, dada. Kila mtu hununua akatia chake. Hata wewe mwenyewe..."

Shazia aliketi juu ya gogo. Yeye, aliyekata na kushona magunia makuukuu miaka na miaka, hakuwahi kufikiri kwamba kuna wengine wanaoyatumia tena.

"Miaka mitatu unanisikia nikisema India?"

"Nilidhani ni wimbo tu," Kufuli alisema.

Kesho yake asubuhi baiskeli ya baba yake Kimya, yule mkulima, ilikuwa imeegemezwa nje ya ofisi, na alipoondoka, Shazia aliitwa. Mwalimu mkuu alikuwa na barua mezani, imekwisha pigwa muhuri.

"Mtoto amekaa na njaa kutwa kwa sababu alisema kweli."

"Ni kweli," Shazia alisema. "Nimemkosea."

Mwalimu mkuu alikuwa amejiandaa kwa ubishi, akabaki kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Alirekebisha kola.

"Basi kuanzia leo dirishani ni kugawa tu. Hakuna maswali, hakuna hadithi, hakuna foleni ya adhabu. Na kitambaa kitoke. Ijumaa mkaguzi anakuja."

"Na lile kosa?"

"Kosa gani tena?"

"India. Watoto mia nne wanalo kichwani. Nani atalitoa?"

"Watasahau."

"Hawatasahau. Niliwafundisha vizuri."

Mwalimu mkuu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa. "Mama, mtoto akishika kosa, kulifuta ni kazi kuliko kufundisha. Ndiyo maana watu wanakwenda chuoni kabla ya kusimama mbele ya watoto."

"Sikwenda chuoni, hilo halina ubishi. Lakini kosa niliandika mimi, na nitalifuta mimi. Nipe adhuhuri moja."

"Hapana. Weka sahihi. Ukisema neno moja dirishani, nitatafuta mpishi mwingine."

Barua ilikuwa na mstari wa kuandika kwamba mhusika ameipokea. Shazia alishika kalamu kwa mkono uliozoea mwiko, akaandika kwa herufi kubwa za darasa la saba: Nimepokea. Akafikiri, akaongeza neno moja chini yake: Sijakubali.

Siku mbili aligawa amefunga mdomo. Mstari ulipita haraka kuliko siku zote, na haukuwa na raha. Watoto wa darasa la kwanza walinong'onezana kwamba Mama Shazia anaumwa jino. Kimya hakuja kabisa. Alikaa kwenye ngazi za darasa lake, akila viazi vilivyopoa kutoka kwenye karatasi. Shazia alijaza sahani, akamtuma Kufuli. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

"Anasema hana njaa," Kufuli alisema.

"Umemwambia imetoka kwangu?"

"Ndiyo maana hana njaa."

Alhamisi, sufuria zilipokwisha kuoshwa, Shazia alivuka kijito kwa miguu. Kilikuwa karibu kiasi kwamba kengele ya shule ilisikika shambani. Mkulima alikuwa akipalilia, na hakuacha.

"Umekuja kumnyima na chakula cha jioni?"

"Nimekuja kuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza miaka mitatu iliyopita. Haya maharagwe yametoka wapi?"

Mkulima akapiga ardhi kwa jembe. "Hapa." Alimwonyesha tuta kwa tuta, na ghalani akamwonyesha rundo la magunia matupu. Yalikuwa na picha za tembo, ngamia, jua, meli. "Mimi nanunua lisilotoboka. Sisomi limeandikwa nini."

"Na mbegu?"

"Za babu."

"Babu alizitoa wapi?"

"Kwa babu yake." Hapo mkulima alicheka kidogo bila kupenda. "Wewe mwanamke, ukimaliza babu zangu utauliza na wa nani?"

Shazia alimweleza alichoambiwa asubuhi ile na mwalimu wa darasa la tano, aliyekifungua kitabu chake mlangoni mwa jiko akitazama nyuma kila mara kama mwizi wa kuku. Kwamba maharagwe ya namna hii yalipandwa kwanza Amerika, nchi kama Meksiko na Peru, yakavuka bahari kwenye meli zamani sana, yakapita mikono kwa mikono mpaka yakafika kwa babu wa babu wa mtu fulani. Mkulima aliokota ganda moja, akalipasua, akazitazama punje kana kwamba zimemficha jambo.

"Kwa hiyo hata mimi nakula na watu," alisema.

"Hata wewe. Binti yako atakula nami kesho?"

"Hilo mwulize mwenyewe. Kichwa kile si changu, ni cha mama yake."

Jioni Shazia aliketi kwenye mkeka mbele ya vyumba vyao viwili, kitambaa kimejaa mapajani, akifumua tembo na kulikata gunia lililokuwa nyuma yake. Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa akiziba pancha hatua tatu kutoka pale. Ni mtu aliyeweza kumaliza wiki kwa maneno ishirini.

"Utafukuzwa," alisema.

"Najua."

"Nyamaza tu, yapite."

"Nikinyamaza, kosa langu ndilo litakalobaki linasema."

Fundi aliuzamisha mpira kwenye karai, akangojea mapovu. "Sheria yako inasemaje," aliuliza, "kwa anayebahatisha?"

Mkono wa Shazia ulisimama na uzi hewani. Alimtazama mumewe, naye akajifanya anatafuta gundi.

Ijumaa mkaguzi alifika. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye mkoba mkubwa na viatu vilivyomchosha. Alizungushwa madarasani tangu asubuhi, na adhuhuri mwalimu mkuu akamleta uwanjani aone jinsi mstari unavyokwenda kwa nidhamu. Mwalimu mkuu alipofika karibu na dirisha aliganda. Kitambaa kilikuwa mahali pake. Pale palipokuwa na tembo palikuwa na tundu kubwa kama sahani, na mwanga wa jua ulipita ndani yake.

Upawa ukagonga ukingo wa sufuria. Watoto mia nne walinyanyua vichwa.

"Mama," mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya chini, "tulikubaliana."

"Uliandika. Mimi niliandika sijakubali. Karatasi unayo."

Kisha akainua sauti.

"Wanangu, sikilizeni. Miaka mitatu nimewaambia maharagwe haya ni ya India. Si kweli. Sikujua, na sikusema sijui. Niliona gunia nikabahatisha. Maharagwe haya yamelimwa pale." Alinyoosha upawa kuvuka uwanja, kuvuka ua, mpaka kwenye mashamba ambayo kila mtoto aliyaona kila siku. "Ni ya baba yake Kimya. Mtoto aliniambia, na mimi nikamnyima chakula kwa kusema kweli. Sasa, anayebahatisha huenda wapi?"

Watoto hawakuamini kwamba wanaruhusiwa kujibu. Mwishowe kisauti cha darasa la kwanza kikasema, "Nyuma ya mstari."

"Vizuri."

Shazia alivua aproni, akachukua sahani kapuni, akatoka kwa mlango wa jiko. Lakini kabla ya kwenda nyuma alikwenda kwanza kwenye ngazi za darasa la tano. Kimya alikuwa ameketi na karatasi yake ya viazi. Shazia hakuinama wala hakumshika kichwa. Alimnyooshea upawa, mpini mbele.

"Leo dirisha ni lako. Mzee Kufuli atakushikia sufuria."

Kimya aliutazama upawa. "Nitauliza?"

"Ukiona vema."

Msichana akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akauchukua.

Mkaguzi alikuwa akitazama haya yote huku amekaa kwenye benchi aliloletewa, viatu amevivua. "Mwalimu mkuu," alisema, "hili ni somo la nani?"

"Ni... mpango wa jikoni."

"Na huo wali, unatoka wapi?"

Mwalimu mkuu alitupa jicho kwenye kitambaa. Nchi zilikuwa nyingi, kamba zimepishana, na mkaguzi alikuwa akingoja. "Pakistani," alisema bila kusita.

Watoto waliokuwa karibu walitazamana. Walitazama chini. Mmoja akajiziba mdomo. Kisha kile kisauti cha darasa la kwanza, ambacho kilikuwa kimeonja utamu wa kujibu, kikasema tena, "Nyuma ya mstari."

Mkaguzi alimtazama mtoto, akamtazama mwalimu mkuu, akafungua mkoba akatoa leso, akajifuta midomo ambayo haikuwa na kitu.

"Sheria iko kwa wote?" aliuliza.

"Iko kwa wote," Kufuli aliitikia kutoka dirishani, na funguo zake zikalia.

Basi mwalimu mkuu alichukua sahani. Alitembea kandokando ya mstari wote, watoto mia nne wakimtazama suruali, mpaka akafika mwisho, akasimama nyuma ya Shazia. Alitoa leso, akaifuta sahani. Mstari ukasogea hatua moja, nao wakasogea.

"Barua haijafutwa," alisema kwa pembe ya mdomo.

"Sijaomba ifutwe."

"Umeniaibisha mbele ya mkaguzi."

"Mimi nilikuwa mbele yako hapa, mwalimu mkuu. Hukuniona nikikusukuma."

Wakasogea tena. Jua lilikuwa kali. Mbele yao sauti ya Kimya ilikuwa ndogo lakini ilifika, maana watoto walinyamaza ili waisikie. "Leo unakula na nani?" Mmoja alisema Vietnam na baba yako. Mmoja alisema sijui, akaambiwa. Wa darasa la saba, yule wa tembo, alijibu kwa adabu zote, akapewa wali mwingi na maharagwe matano yaliyohesabika. Hakulalamika.

"Ni Vietnam, basi?" mwalimu mkuu aliuliza baada ya muda mrefu, akitazama mbele.

"Mwaka huu. Mwaka jana ilikuwa Pakistani. Hukukosea sana, ulichelewa tu."

"Na lile tundu utaliziba na nini?"

"Kipande cha kawaida kisicho na maandishi. Nitashona picha ya lile shamba la ng'ambo ya kijito. Halafu kamba moja kutoka hapo mpaka Meksiko na nyingine mpaka Peru, maana punje zenyewe zilikuja toka huko zamani. Uzi wa kutosha ninao."

"Nilisema kitambaa kitoke."

"Nilisikia."

Hakurudia. Walifika dirishani wa mwisho kabisa, sufuria imebaki ukoko na mchuzi wa chini. Kimya alikuwa na jasho puani na masizi kwenye shavu. Aligonga ukingo kwa upawa, ingawa walibaki wawili tu wa kusikia.

"Leo unakula na nani?"

"Na baba yako," Shazia alisema, "na waliompa babu yake mbegu. Na wewe, kama utakubali."

Kimya alifikiri. Alikwangua chini ya sufuria, akajaza sahani ya Shazia, kisha akatoa sahani nyingine chini ya dirisha, aliyokwisha kuijaza kabla chakula hakijapungua, akaiweka kando ya ile. Ilikuwa yake mwenyewe, Kimya. Akaacha nafasi ya sahani moja zaidi kwenye ubao wa dirisha.

Kisha akamgeukia aliyekuwa nyuma.

"Na wewe, mwalimu?"

Mwalimu mkuu alifungua mdomo. Alitazama kitambaa, akatazama tundu lenye mwanga, akaufunga. Kufuli alizishika funguo zake zisilie.

"Sijui yote," alisema. "Niambieni."

Kimya akamtilia ukoko uliobaki, ule wa kahawia, ambao ndio mtamu. Na Shazia, akiwa bado nje ya dirisha na sahani yake mkononi, akaanza kusimulia.